Ulinganifu na Kiini cha Atomu: Uhakiki wa Kazi ya Arima na Iachello

Kati ya mwaka 1976 na 1979 jarida la Annals of Physics lilipiga chapa mfululizo wa makala za wataalamu wawili, Akito Arima wa Japani na Francesco Iachello wa Italia. Makala hizo zilivieleza viini vya atomu kwa njia ambayo wengi hawakuwa wameizoea. Hazikuanza na picha ya kiini, wala hazikuanza na nguvu inayokifunga. Zilianza na kanuni za ulinganifu, na kutoka katika kanuni hizo zikatoa ngazi za nishati ambazo kiini kilipaswa kuwa nazo. Mwaka 1987 wataalamu hao walikusanya matunda ya kazi yao katika kitabu kimoja, The Interacting Boson Model, kilichotolewa na Cambridge University Press.

Kazi hii ni ya elimu ya fizikia. Hata hivyo, yafaa ipimwe na wapenzi wa maandishi pia, kwa sababu swali lililo ndani yake humkabili kila mhakiki wa sanaa. Umbo zuri linapoonekana katika maelezo ya jambo, je, umbo hilo ni tabia ya jambo lenyewe au ni ufundi wa mkono unaoeleza? Swali lina uzito zaidi kwa kuwa Arima, ambaye alifariki mwaka 2020, alikuwa pia mtunzi wa haiku, shairi la Kijapani ambalo kwa desturi huwa na mizani 17 zilizogawanywa katika 5, 7 na 5. Aliyezoea kutafuta neno litakaloingia katika nafasi finyu kama hiyo alijua vema jinsi umbo linavyoweza kumsaidia mtunzi, na jinsi linavyoweza kumdanganya.

Ugumu uliowakabili ulikuwa wa zamani. Kiini cha gadoliniamu 156 kina protoni 64 na neutroni 92. Kila chembe inaathiriwa na jirani zake, na nguvu iliyo kati yao ni kali, ya masafa mafupi, tena ya namna nyingi. Kufuata mwendo wa chembe 156 zote pamoja kulishinda mashine za hesabu za zama zile, na hata leo hakuwezekani bila ya kuyapunguza mambo. Kwa hiyo wataalamu walikuwa wamegawanyika katika njia mbili. Mwaka 1949 Maria Goeppert Mayer, na kwa upande wao Haxel, Jensen na Suess, walionyesha kwamba protoni na neutroni hupangika katika matabaka, na kwamba tabaka hujaa chembe zinapofika 2, 8, 20, 28, 50 na 82, na kwa neutroni 126. Katika miaka iliyofuata Aage Bohr na Ben Mottelson walikieleza kiini kama mwili mmoja unaotetemeka na kuzunguka. Wa kwanza walimtazama kila mpiga kasia peke yake. Wa pili waliutazama mwendo wa chombo. Kila upande ulikuwa na ushahidi wake, na kila upande ulituzwa Tuzo ya Nobel: Mayer na Jensen mwaka 1963, pamoja na Eugene Wigner, Bohr na Mottelson mwaka 1975, pamoja na James Rainwater. Kilichokosekana ni lugha moja ya kusemea mambo hayo mawili. Mwaka 1958 Elliott alipiga hatua kubwa alipoonyesha kwamba mzunguko wa kiini kizima waweza kuzaliwa na mpangilio wa chembe katika matabaka, ikiwa mpangilio huo unafuata ulinganifu ambao wanahesabu huuita SU(3). Lakini njia yake ilifaa zaidi viini vyepesi. Viini vizito vilibaki bila ya msemaji.

Neno ulinganifu lina maana maalumu kwa wanahesabu. Kitu kina ulinganifu ikiwa liko badiliko linaloweza kufanywa juu yake na kisha kikabaki vilevile. Mpira laini ukigeuzwa upande wowote hauonyeshi alama ya kugeuzwa. Sanduku la mraba lazima ligeuzwe robo ya mzunguko ili lirudi katika sura yake. Katika elimu ya viini fikira hii iliingia mapema. Mwaka 1932 Heisenberg alizitendea protoni na neutroni kama hali mbili za chembe moja, na matokeo yake yanaweza kupimwa. Haidrojeni 3 ina protoni moja na neutroni mbili. Heliamu 3 ina protoni mbili na neutroni moja. Nishati inayoifunga haidrojeni 3 ni megaelektronivolti 8.48, na inayoifunga heliamu 3 ni 7.72. Viwango hivi vinakaribiana kama watoto pacha, na ile tofauti ya 0.76 inatokana kwa sehemu kubwa na umeme wa protoni mbili zinazosukumana. Mwaka 1937 Wigner aliupanua ulinganifu huo kwa kuuunganisha na spini ya chembe. Kanuni yake ilifaa katika viini vyepesi, ikadhoofika katika vizito, na sababu za kudhoofika kwake zilijulikana: umeme kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili ile nguvu inayofunga spini ya chembe na mwendo wake, nguvu ambayo Mayer na Jensen waliitumia kuyaeleza matabaka. Mfano huu wa Wigner unastahili kukumbukwa, maana kanuni iliyovunjika ilifundisha kitu kwa namna ilivyovunjika.

Arima na Iachello walianza kwa kuacha mengi. Chembe zilizomo katika matabaka yaliyojaa waliziweka kando. Zile zilizobaki nje walizichukua mbili mbili, na kila jozi wakaihesabu kama chembe moja iitwayo bosoni. Bosoni hizo waliziruhusu namna mbili tu: moja isiyo na mzunguko wowote, na nyingine yenye mzunguko wa namba 2. Ya kwanza ina hali 1, ya pili ina hali 5, na jumla ni hali 6. Tabaka lililopita nusu huhesabiwa kwa nafasi zilizo tupu badala ya chembe zilizomo. Kwa kanuni hii gadoliniamu 156 ina protoni 14 juu ya 50, yaani jozi 7, na neutroni 10 juu ya 82, yaani jozi 5. Kiini cha chembe 156 kimekuwa mkusanyo wa bosoni 12.

Kutoka katika hali hizo 6 waandishi walionyesha njia tatu za kushuka hadi kwenye ulinganifu wa mpira, ambao kila kiini kilicho peke yake ni lazima kiwe nao. Kila njia hutoa mpango wake wa ngazi za nishati, na mpango huo huandikwa kwa kanuni fupi isiyohitaji mashine. Njia ya kwanza, U(5), ndiyo ya kiini kinachotetemeka: ngazi zake hukaa kwa nafasi sawa. Njia ya pili ni SU(3) ile ya Elliott, iliyopewa kazi mpya. Ni ya kiini kirefu kinachozunguka. Njia ya tatu, O(6), ni ya kiini kilichobonyea ambacho hakina upande maalumu wa kubonyea. Alama rahisi ya kuzitambua ni uwiano wa nishati ya ngazi yenye mzunguko wa 4 kwa nishati ya ngazi yenye mzunguko wa 2. Katika njia ya kwanza uwiano huo ni 2.00, katika ya pili ni 3.33, katika ya tatu ni 2.50. Ukivipima viini vyenyewe, kadimiamu 110 hutoa 2.34, gadoliniamu 156 hutoa 3.24, na platinamu 196 hutoa 2.47. Hivi ndivyo viini vilivyotumiwa kuwa mifano ya njia tatu hizo.

Sifa ya kwanza ya kazi hii ni uchache wa vifaa vyake. Viini vilivyodhaniwa kuwa vya aina mbalimbali, kila aina na nadharia yake, viliwekwa katika ramani moja yenye pembe tatu, na kati ya pembe na pembe pakawa na nafasi ya viini vilivyochanganyika. Sifa ya pili ni kwamba nadharia hii ilikubali kuhukumiwa. Mwaka 1978 Cizewski, Casten na wenzao walitangaza kuwa platinamu 196 ina tabia za O(6). Ushahidi wao haukutegemea mahali pa ngazi tu. Ulinganifu ulitaja ni ngazi ipi ingeweza kuishukia ipi kwa kutoa mwanga wa gama, na ni mteremko upi ungekatazwa. Mingi kati ya miteremko iliyopimwa iliifuata amri hiyo. Mwaka 1984 wapimaji wa Darmstadt waliona katika gadoliniamu 156, karibu na megaelektronivolti 3, mwendo ambamo protoni na neutroni hupishana kama makali ya mkasi. Kielelezo cha Arima na Iachello, katika sura yake inayotenga bosoni za protoni na bosoni za neutroni, kilikuwa na nafasi ya mwendo kama huo. Ni haki kuongeza kwamba Lo Iudice na Palumbo waliutabiri mwaka 1978 kwa njia nyingine, bila ya bosoni hizo.

Lakini ushindi mkubwa zaidi wa kazi hii ulipatikana mahali ambapo kanuni yake haikutimia kikamilifu. Ulinganifu wa SU(3) ukishikwa kwa ukali una masharti mawili magumu. Safu mbili za ngazi zinazofuata safu ya chini, ambazo wataalamu huziita beta na gama, ni lazima zilingane kwa nishati; tena safu hizo haziruhusiwi kushukia safu ya chini. Gadoliniamu 156 hulikaribia sharti la kwanza, kwani ngazi zake mbili za mzunguko wa 2 katika safu hizo ziko kwenye kiloelektronivolti 1129 na 1154. Viini virefu vilivyo vingi haviko hivyo. Katika erbiamu 168 ngazi hizo ziko kwenye 821 na 1276, na safu ya gama huishukia safu ya chini waziwazi. Msomaji mwenye haraka angesema kwamba nadharia imeshindwa. Mwaka 1980 Warner, Casten na Davidson hawakusema hivyo. Waliuvunja ulinganifu kwa kiasi kidogo kilichopimwa, na kwa kuvunja huko wakapata mahali pa safu, nguvu za miteremko, na jambo ambalo lilikuwa likishangaza: safu ya beta huelekea kuishukia safu ya gama kuliko kuishukia safu ya chini. Wasingekuwa na SU(3) kamili mbele yao, wasingejua ni kitu gani kimepungua na kwa kiasi gani.

Hapa mshairi wa Kiswahili atalitambua jambo analolijua. Sikio lililozoea mizani nane na nane husikia mara moja mstari uliopungukiwa, na husikia pia pale ambapo mtunzi hodari ameipindisha sauti kwa kusudi. Asiye na kipimo haoni upungufu wala kusudi. Lakini mshairi huyo anajua pia hatari iliyo upande wa pili. Shairi laweza kutimiza vina na mizani zote na likawa halina neno. Wahenga wameonya juu ya uzuri wa mkakasi, ambao ndani ni kipande cha mti.

Onyo hilo linahusu kadimiamu. Kwa muda wa miaka mingi viini vya kadimiamu vilitumiwa katika vitabu vya mafunzo kuwa mfano wa kiini kinachotetemeka. Sababu yake yaonekana kwa jicho. Katika kadimiamu 110 ngazi ya kwanza iko kwenye kiloelektronivolti 658. Mtetemo wa pili ungepaswa kuwa mara mbili yake, yaani 1316, na kuwa na ngazi tatu za mzunguko wa 0, 2 na 4. Zipo tatu, kwenye 1473, 1476 na 1542. Haziko mahali palepale, lakini zimekaa pamoja, na idadi imetimia. Mwanafunzi aliyeonyeshwa ngazi hizo aliridhika, na mwalimu wake aliridhika kabla yake. Dalili kwamba mna ngazi ngeni katikati ya ngazi hizo zilikuwapo. Zilipewa jina la wavamizi, zikawekwa kando. Kisha miteremko ikapimwa kwa uangalifu zaidi. Mwaka 2008 Garrett, Green na Wood walionyesha kwamba katika kadimiamu za 110 hadi 116 zenye idadi shufwa ngazi kadhaa zilizodhaniwa kuwa za mitetemo mitatu hazishuki kama mitetemo inavyotakiwa kushuka, na kwamba kuchanganya wavamizi na wenyeji hakutoshi kuyaponya maelezo. Mwaka 2019 Garrett na wenzake walitoa ushahidi kwamba katika kadimiamu 110 na 112 yapo maumbo mbalimbali kwa pamoja.

Platinamu nayo haikupona kabisa. O(6) kamili hutaka ngazi ya kwanza isiwe na mwelekeo wa kurefuka wala wa kubapa. Vipimo vya baadaye vikaonyesha kwamba mwelekeo huo upo.

Kosa liko wapi basi? Halimo katika hesabu za Arima na Iachello, ambazo ni sahihi. Limo katika namna zilivyosomwa, na lugha ya waandishi wenyewe ilichangia usomaji huo. Neno moja, ulinganifu, limebeba vitu viwili visivyolingana hadhi. Ulinganifu wa mpira ni sheria: hakuna kiini kilicho peke yake ambacho huipendelea kaskazini kuliko mashariki, na kama kingepatikana, msingi wa fizikia ungetikisika. Ulinganifu wa Heisenberg karibu ni sheria, na kinachouvunja kinajulikana. Lakini U(5), SU(3) na O(6) ni za cheo kingine. Hutokea pale tu ambapo namba kadhaa katika kanuni ya nishati zimeangukia mahali maalumu. Namba hizo zikisogea, ulinganifu hutoweka, wala hakuna sheria ya asili iliyovunjwa. Wataalamu huuita ulinganifu wa mwendo ili kuutenga, nao Arima na Iachello walitumia jina hilo. Hata hivyo, katika maandishi mengi yaliyofuata, kusema kwamba kiini fulani «kina ulinganifu wa O(6)» kulisikika kana kwamba ni sawa na kusema kwamba kina protoni 78. La kwanza ni kauli juu ya kielelezo na jinsi kinavyokaribia kitu. La pili ni kauli juu ya kitu.

Kuna upungufu mwingine ambao ni wa kazi yenyewe. Kwa nini jozi za mzunguko wa 0 na wa 2 pekee? Waandishi wanajibu kwamba jozi hizo ndizo zenye nishati ya chini kabisa, na Otsuka pamoja nao alijitahidi kuonyesha jinsi zinavyotokana na matabaka. Jibu hilo lina nguvu karibu na tabaka lililojaa. Katika viini virefu, mbali na tabaka lililojaa, nguvu yake hupungua, na jozi za mzunguko wa 4 hugonga mlango. Kanuni ya kuhesabu bosoni nayo huyachukua matabaka kama kuta zisizopitika. Kumbe wavamizi wa kadimiamu ni chembe zilizouvuka ukuta wa protoni 50. Kielelezo kilichoanza kwa kuziweka kando chembe hizo hakingeweza kushangaa zilipokosekana katika hesabu yake.

Juhudi za kukitengeneza zimekuwapo. Mwaka 2018 Leviatan na wenzake walipendekeza kwa kadimiamu 110 ulinganifu wa sehemu tu, ambamo ngazi zilizo nyingi huitii U(5) na chache huiasi. Pendekezo hili ni la kiungwana, kwa kuwa linataja wazi nani ametii na nani ameasi. Lakini kila sehemu inayotolewa nje ya kanuni huipunguzia kanuni haki ya kujisifu, na mhakiki ana wajibu wa kuihesabu bei hiyo. Kinyume cha pendekezo hilo wapo wanaosema kwamba mtetemo wa namna ya U(5) haumo kabisa katika kadimiamu. Mabishano hayo hayataamuliwa kwa kupima mahali pa ngazi, kwa kuwa ngazi chache huweza kuafiki maumbo mengi. Yataamuliwa kwa miteremko, ambayo ni migumu kuipima na ni migumu zaidi kuidanganya.

Kwa hiyo kazi ya Arima na Iachello istahili kusomwa kama kazi kubwa ya kipimo. Iliwapa wapimaji wa viini kitu ambacho matabaka peke yake na matetemeko peke yake hayakuwapa: mistari iliyonyooka ambayo juu yake mpindo wa asili huonekana. Erbiamu ilieleweka kwa sababu watu watatu waliuona mpindo wake wakauhesabu. Kadimiamu ilibaki bila ya kueleweka kwa miaka mingi kwa sababu mpindo wake ulionekana ukasamehewa. Vifaa vilikuwa vilevile katika visa vyote viwili, na uzuri ulikuwa uleule. Atakayekifungua kitabu cha mwaka 1987 leo asiridhike na ngazi zilizochorwa upande mmoja kwa kanuni na upande wa pili kwa vipimo, jinsi zinavyotazamana. Ateremke na macho yake kati ya ngazi na ngazi, aulize ni ipi inayoishukia ipi, na kwa nguvu gani.